Hatua za Baba Kwenye Korido

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Mpendwa Dada,

Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ukianza kuisoma umesimama utatafuta kiti katikati. Hujambo? Mgongo nao unasemaje? Uliniandikia kwamba daktari amekukataza kuinua vitu vizito, nikamwonea huruma yule daktari, kwani hakujui. Shemeji naye hajambo? Mwambie kikohozi hakiponi kwa kukifokea.

Huku tu wazima. Mimi bado natengeneza miwani ya watu, nakata vioo na kukaza skrubu ndogo kama chawa, na kila mwaka naisogeza kazi karibu zaidi na pua. Kipara kimeshuka kutoka utosini na sasa kinaulizia shingo. Wifi yako anasema nikiinama kazini wateja wanajitazama humo.

Mama mwili mzima, macho ndiyo. Ile presha ya macho niliyokueleza ilimaliza la kulia, ikahamia la kushoto. Sasa anaona mwanga tu, kama mtu aliyejifunika shuka mchana. Mtengeneza miwani ambaye hana miwani ya kumsaidia mama yake, hayo ndiyo maisha. Lakini masikio, Dada! Anajua nani ameingia kabla hajabisha hodi. Juzi alinisikia nikifungua kopo la biskuti vyumba viwili mbali, akaniuliza kama nimezeeka au nimekuwa panya.

Nina jambo la kukueleza, na nimelizunguka siku tatu. Wacha nianzie kwa mwanangu, yule uliyemwacha ana miaka tisa, kimo cha meza. Sasa anasomea filamu chuoni. Mimi namwita Bosi, kwa sababu tangu ameanza masomo hayo hatuombi tena kitu humu ndani, tunaagizwa.

Mwezi huu mwalimu wao aliwapa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki. Si filamu nzima, mwanzo tu, dakika mbili. Bosi alinisomea masharti kama karani wa mahakama. Mtu mbaya asionekane uso. Mikono au miguu inatosha. Pawe na mtu asiye na hatia anayefanya kazi ya kila siku bila habari. Pawe na kitu kimoja kidogo kinachokataa kueleweka. Sauti itangulie picha. Na jina la filamu litokee pale pale mtazamaji anapotaka jibu, halafu giza. Nikamwambia mambo hayo yote yapo katika ndoa yangu, hakuna haja ya kamera. Hakucheka.

Nilidhani nitapewa kuwa shujaa. Nilinyoa ndevu, nikapiga pasi shati. Bosi akanitazama juu hadi chini, macho yakasimama chini.

"Baba, nakuhitaji miguu tu."

Basi nina miaka hamsini na miwili na nimeingia kwenye filamu kuanzia magotini kwenda chini. Usimwambie mtu.

Walikuja wenzake wawili. Binti mmoja mrefu wa kamera, na kijana wa kunasa sauti wanayemwita Masikio, mpole, hazungumzi mpaka umsahau. Saa nne asubuhi, jua kali nje, wakaziba madirisha yote kwa mablanketi yetu wakatengeneza usiku. Mezani wakaweka kikombe cha chai kinachofuka mvuke, katika nyumba inayodaiwa haina mtu. Hicho ndicho kile kitu kisichoeleweka. Mvuke ukakataa kuonekana, wakaficha dawa ya mbu ya kuwasha nyuma ya kikombe. Moshi ulipendeza, ila asiye na hatia, rafiki yao mmoja aliyekuwa akipiga pasi, alikohoa kila mara nilipokaribia kumuua.

Mama hakuwapo. Jirani alikuwa amemchukua kwenda kusukwa nywele, nasi tulijua wakisukana hawarudi kabla ya saa nane.

Sasa viatu. Bosi alisema viatu vyangu vya raba havimtishi mtu. Akaingia stoo, akatoka na vile vyeusi vya Baba, vya kisigino cha chuma, ambavyo Mama alikataa visigawiwe. Nilitaka kukataa. Lakini ungemwona mtoto anavyovifuta vumbi kwa kiganja, ungenyamaza kama mimi. Vikanienea. Hilo pia lilinishtua, maana maisha yangu yote niliamini Baba ana miguu mikubwa.

"Tembea," akasema Bosi. Nikatembea. "Aa, Baba, unatembea kama mtu anayefuata mkate. Mtu mbaya lazima awe na alama yake. Chechemea kidogo."

Mimi kuchechemea najua kwa namna moja tu, Dada, na wewe unaijua. Tangu Baba aanguke kwenye ngazi kule kiwanda cha uchapishaji, mguu wa kulia ulikuwa ukipiga, wa kushoto ukiburuzwa, kisha kituo, kama mtu anayefikiri. Nikafanya hivyo. Bosi akapiga makofi. Macho yake yote yalikuwa kwenye kamera, hakutambua anampigia makofi nani.

Picha zikaisha. Ikabaki sauti, kwa kuwa hatua za miguu hunaswa peke yake, baadaye. Masikio aliweka kinasa sauti sakafuni mwisho wa korido, akavaa vile vyombo vya masikioni, akatupa sheria ya kazi yao: asiseme mtu, asikohoe, hata ikitokea nini, mpaka Bosi aseme "kata." Jokofu likazimwa. Saa ya ukutani ikafungiwa kabatini. Nikaanza kutembea, ukuta mpaka ukuta, katika giza la mablanketi.

Hatukujua kwamba jirani alipata wageni na Mama alikuwa amerudishwa zamani kwa mlango wa uani, akajilaza chumbani kwake. Mara ya tatu nilipofika usawa wa mlango wake, alisema kutoka ndani, kwa sauti ya usingizini:

"Umekuja peke yako?"

Nikasimama. Mguu mmoja mbele, mwingine nimeuburuza nusu. Nikamtazama Bosi. Kiganja kimemfunika mdomo. Masikio akainua mkono, maana yake tusisogee.

"Nakuuliza wewe. Nilikuambia usiingie humu bila mwanangu. Nilikuambia jana, nikakuambia juzi. Umemfukuza wewe, nenda kamrudishe wewe. Yuko wapi?"

Dada, nisikilize hapa vizuri. Siku uliyoondoka, baada ya kutia sahihi ile barua ya wafanyakazi wenzako wa kiwandani dhidi ya msimamizi wenu, na msimamizi ni Baba, alisimama mlangoni akasema ukitoka usirudi. Mama alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. Wewe uliondoka na picha hiyo, na mimi nilibaki nayo, miaka kumi na mmoja sote tukijua kwamba Mama alikuwa upande wake. Ndiyo maana hata kwenye msiba wa Baba, miaka minne iliyopita, ulituma salamu kwangu na si kwa Mama. Sikukulaumu. Ningekuwa wewe nisingetuma.

Kumbe sivyo. Nilisimama pale na viatu vya marehemu miguuni, nikisikia ugomvi wa watu wawili ambao sikupaswa kuusikia, na zamu ya kujibu ilikuwa yangu.

Ningeweza kunyamaza. Sheria ya kazi ilinitaka ninyamaze. Ningeweza kusema, Mama, ni mimi, tunacheza. Badala yake nikasema:

"Anakuja."

Chini chini, neno hilo tu. Halafu Mama akasema, taratibu, "Haya. Basi vua viatu." Kitanda kikalia akigeuka upande wa pili.

Bosi hakusema "kata" mpaka nilipokuwa nimekaa sakafuni.

Masikio alitusikilizisha sauti hiyo baadaye jikoni. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaniuliza kwa adabu, "Samahani mzee, yule wa mwisho aliyejibu ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akanitazama kama mtu anayeheshimu uongo wa mkubwa wake. Nikaomba nisikie na mimi. Dada, sikujisikia humo. Koo lile silo langu. Nimelisikia utotoni likituita kula.

Bosi aliitaka sauti ile. Usimwone mbaya, ni kazi yake, na alijua kwamba hakuna darasa lingekuwa na kitu kama hicho. Tuligombana, mimi na yeye, mara ya kwanza tangu akue. Nikamwambia Mama si mhusika wako. Akaniambia, "Na wewe ulipojibu ulikuwa nani?" Alikesha chumbani kwake. Asubuhi akaja kuniambia ameitoa, akazirekodi hatua upya kwa miguu yake mwenyewe. Mwalimu amesema filamu ni nzuri ila hatua hazitishi. Bosi alimshukuru akaketi.

Lakini humu ndani neno langu halikutoka. Kesho yake Mama aliomba shuka mpya kwa ajili ya kitanda chako. Akamwambia jirani, mwanangu anakuja. Akaacha kulala mchana. Hukaa kwenye kiti karibu na mlango, na kila mtu anayepita nje anamgeuzia shingo. Nikirudi kazini namsikia anaacha kupumua mpaka atambue raba zangu, kisha anasema, "Aa, ni wewe," kwa upole unaoniumiza kuliko matusi.

Viatu nimevirudisha stoo, nikavifunika gunia. Hata hivyo Jumanne wifi yako aliniuliza, "Mbona unachechemea?" Nikamwambia raba zinabana. Sikuwa najua kwamba nachechemea. Tangu siku hiyo nikipita korido ile nahesabu miguu yangu kama mtoto anayejifunza kutembea, na nikifika usawa wa mlango wake napita haraka, mzee mzima, ninaogopa kuulizwa swali.

Alhamisi nilipiga moyo konde. Nilimpelekea chai, nikaketi karibu na miguu yake, nikaanza, "Mama, siku ile ya watoto wa filamu..." Hakuniacha nimalize.

"Unataka kuniambia ni wewe."

Nikamwekea kikombe mkononi.

"Mwanzo nilidhani ni yeye," akasema. "Mtu akiwa usingizini hana kalenda. Nikauliza kama nilivyozoea. Miaka saba nilimuuliza, kila alipoingia. Kila siku, wewe uko dukani kwako. Naye alikuwa anavua viatu, ananyamaza. Miaka saba. Mpaka anakufa hakuwahi kunijibu." Akapuliza chai. "Wewe ulinijibu. Nikajua ni wewe hapo hapo."

Nikamuuliza kwa nini basi ametandika kitanda, ikiwa alijua ni mimi na mzaha wa watoto.

"Angekuwa marehemu nisingetandika. Maiti haahidi kitu. Aliyesema anakuja yu hai, ana miguu na ana kalamu." Akanigusa kipara, akatafuta sikio, akalivuta kama zamani. "Umetumia mdomo wa baba yako kusema jambo lako. Sasa tumia wako."

Nikamwuliza nikuombe vipi. Akasema nisikuombe. Nikueleze tu alivyouliza, na kwamba siku ile alikunja nguo kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka na hakutaka uione ukadhani anakuzuia kwa machozi. Alidhani utarudi jioni. Na ile sauti, nilipomweleza kwamba ilinaswa, akasema si ya mwalimu wala ya darasa, ipelekwe kwa mwenyewe. Bosi ameiweka kwenye kadi ndogo humu ndani ya bahasha. Isikilize ukiwa na Shemeji karibu.

Bosi anamsalimu shangazi yake, anasema ana maswali mengi, jiandae. Wifi yako anakusalimu sana. Jirani naye, ambaye sasa anakujua kuliko anavyonijua mimi. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akulainishie mgongo, na njia yako, yoyote utakayoichagua, aifanye nyeupe.

Mimi sikukuomba ruhusa wala sikukuuliza kabla ya kusema unakuja. Ukiamua huji, mwandikie yeye mwenyewe, nami nitamsomea neno kwa neno, kwa sauti yangu. Ila jua kwamba aliyesema unakuja si Baba.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.