Marahaba Niliyoiwahisha

Kilosa, Jumatano jioni

Niliitikia marahaba kabla sijayaona mahindi. Hilo ndilo linaloniuma.

Neema alinikuta getini, akapiga goti kidogo kama zamani. "Shikamoo, kocha." Siku hizi ndiye mkuu wa shule, lakini mimi ndiye niliyemfundisha kudunda mpira akiwa kidato cha kwanza. Nikaitikia, tukacheka. Kugeuka, uwanja wangu wa kikapu wote umeanikwa mahindi, goli hadi goli!

Zege la uwanja ule tulilimwaga wenyewe nilipokuwa mwanafunzi na mchezaji pale, mchanga tukiubeba vichwani kutoka mtoni Mkondoa. Nimefundisha juu yake miaka thelathini. Jumamosi wasichana wangu wanacheza Mikumi, na leo wamefanya mazoezi kwenye vumbi, mpira ukitua hauinuki.

Ningefoka. Lakini mtu umeshamwitikia marahaba, utamfokeaje? Nikaishia kusema kwa upole, kama mjinga, "Sasa Mkuu, na mazoezi?"

"Kocha, mahindi ya shule yakiota ukungu, hao wachezaji wako watakula nini?"

Nikawapeleka wasichana vumbini. Na sasa hasira ndiyo kwanza inapanda, kwa sababu ana haki na mimi nina haki, na aliyepisha ni mimi.

Kesho nitamwahi getini. Nitasema kabla hajafungua mdomo: nipe upande mmoja, goli moja linanitosha.

Halafu ndipo aniamkie, kama bado atataka.