Ngazi za Ukumbi wa Okestra

Kakuma, Machi 2013

Kaka yangu Faustin,

Ejok, kama wasalimiavyo Waturkana wa hapa. Mchoro wako wa ukumbi wa okestra utakaojengwa Nairobi umefika. Tulitandaza vipimo vyake uwanjani kwa kamba, kisha kwaya yetu nzima ikasimama ndani ikaimba. Nilijivunia hadi nikalia.

Baba akaniuliza mlango uko wapi. Alipoona ngazi kumi na mbili alisema, "Mimi nitasikilizia nje."

Utusamehe kwa kukuficha. Kisukari kilimla Baba mguu, ukakatwa Januari. Alinikataza kukuandikia ili usiache kazi. Leo nimemwambia nakuandikia, akasema, "Mwambie ngazi ni nzuri, asiziharibu kwa ajili yangu."

Mimi sikubaliani naye. Chora njia ya kiti cha magurudumu, kaka, na ipitie mlango mkubwa.

Dada yako akupendaye,
Riziki