Mpaka wa Maji ya Mlimani

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Barua ya ofisi ya maji imefika. Mzee Nehemia, mwenyekiti wetu, ameileta mwenyewe hadi kibarazani na hakuondoka mpaka nilipomaliza kuisoma. Jumuiya yetu ya watumia maji inatakiwa kuandikishwa upya kwa sheria mpya — katiba, orodha ya wanachama, ramani ya eneo tunalohudumia. Mwisho ni mwezi huu. Katibu ni mimi, basi kazi ni yangu. Nilidhani nikistaafu ualimu nimeagana na kalamu nyekundu.

Mzee anataka mpaka uishie korongoni. Maana yake Ziwani wakatwe, tubaki sisi wa Mlimani. Anasema kitongoji cha Ziwani kiko ndani ya mipaka ya mji siku hizi, na mji una maji yake. Nikamuuliza bomba la mji limefika wapi. Akasema linakuja.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepanda na mume wangu, Pastory, hadi kwenye chanzo cha maji. Maji yamepungua kweli, siwezi kubisha. Tenki lililokuwa likijaa kabla ya jua kuchomoza, leo saa nne lilikuwa nusu. Kwenye kilula cha kwetu, penye koki ya kuchotea, ndoo zimepangwa mstari mpaka kwenye shamba la mihogo.

Pastory yuko upande wa Mzee. Anasema chanzo ni cha mlima, na Ziwani wana ziwa zima mbele yao, wanataka nini tena? Kila mtu huku anasema hivyo. Nikamkumbusha mwaka juzi, kuhara kwa maji ya ziwa kulipoingia Ziwani, tulizika watu watatu ndani ya wiki moja. Tuliteremka, yeye mbele.

Jumamosi, 7 Septemba

Mkutano mkuu umefanyika. Watu sitini na mmoja. Mikono yote juu — mpaka korongoni. Umekwisha mapema kuliko ibada.

Kutoka Ziwani hakuna aliyekuja. Hata mmoja.

Matangazo niliandika mimi, Alhamisi, nakala mbili. Moja nikaibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Ya pili Mzee alisema ataiteremsha yeye. Leo kabla hatujaanza nilitazama benchi wanalokaa watu wa Ziwani, nikaona liko tupu. Niliona. Nikafungua daftari nikaanza kuandika majina ya waliohudhuria.

Jumatatu, 9 Septemba

Saumu amekuja. Ndiye mjumbe wa Ziwani kwenye kamati, anaanika dagaa na kuwapeleka sokoni Kibirizi. Habari ya mkutano ameipata huko huko Kibirizi, kwa mama mmoja wa huku juu, wakiwa wanapima dagaa! Amepanda mlima moja kwa moja, hata kanga hajabadilisha.

Nilimkaribisha ndani, akakataa. Alisimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, ule mtaro wa bomba nimeuchimba nikiwa na mimba ya Shadya. Wewe ulikuwa unanipokea jembe nikichoka. Leo mimi niko nje ya mpaka?"

Nikamwambia sikujua kuwa hawakupata tangazo. Akaaga vizuri kabisa, kwa heshima, kama mtu anavyoaga msibani.

Sikujua. Ni kweli nusu. Benchi nililiona.

Jumatano, 11 Septemba

Mzee amekuja kuulizia muhtasari wa mkutano. Katiba yetu inasema mpaka haubadilishwi hadi wanachama wa kila kilula wajulishwe siku kumi na nne kabla. Anataka niandike kuwa matangazo yalibandikwa vitongoji vyote viwili, kwa siku hizo zote. "Ni mstari mmoja tu, Mwalimu," alisema.

Nikamuuliza ile nakala ya pili aliipeleka wapi. Akasema aliisahau kwenye koti. Labda. Sikumuuliza zaidi, ni mtu mzima.

Na si mtu mbaya. Mvua za mwaka jana zilipovunja bomba, ni yeye aliyeingia korongoni na miaka yake sabini, tope mpaka kifuani, vijana wakiwa wamesimama ukingoni. Anaona kina mama wa huku wakigombana kwenye foleni na anataka kuwatuliza. Ila njia aliyoichagua inapita mkononi mwangu.

Alhamisi, 12 Septemba

Sijaandika kitu. Nimepalilia maharage.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeteremka Ziwani. Miezi mingi sijafika. Nilitaka kuangalia kilula chao — kikavu. Koki ukiifungua inatoa pumzi tu. Wanasema ni tangu Jumapili. Kumbe valvu ya juu imeshafungwa, kabla muhtasari haujaandikwa, kabla ofisi ya maji haijapitisha chochote!

Wanachota pale pale zinapoegeshwa boti. Nimeona mafuta ya injini yakielea, na mama mmoja akiyasukuma kwa kiganja kabla ya kuzamisha ndoo.

Saumu alikuwa akigeuza dagaa juani. Aliniitikia salamu, akanipa kigoda, akaniletea chai. Chai ilikuwa na harufu ya ziwa. Nikainywa yote, naye akinitazama ninavyoinywa. Akasema ameichemsha sana, nisiogope.

Nilimweleza yote: tangazo, koti, benchi. Na sehemu yangu pia. Hakunisamehe, wala hakunilaumu. Aliuliza tu ofisa wa maji anakuja lini kupitisha mpaka.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya kanisa nimeandika muhtasari. Pastory aliusoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mstari wenyewe: "Tangazo lilibandikwa Mlimani peke yake, siku mbili kabla ya mkutano. Ziwani hawakujulishwa. Katibu aliona kuwa hawapo, hakusema."

Akaniuliza kama hilo la mwisho lilikuwa la lazima. Nikasema ndiyo. Akasema Mzee alikuwa shahidi wa ndoa yetu. Najua. Akatoka kwenda kutazama michikichi yake, akarudi na kuni, akaziweka jikoni bila kuombwa.

Jumanne, 17 Septemba

Ofisi ya kijiji. Naandika hapa hapa, tumepewa mapumziko ya chai.

Ofisa wa maji anaitwa Bwana Erasto, kijana mpole, ana ramani kubwa ameikunjua mezani na kuizuia kwa mawe manne. Korongo ameshalichora kwa penseli. Ametueleza vizuri: penseli inafutika, lakini ikishagongwa muhuri, kuurudisha mpaka ni safari ndefu.

Asubuhi nilimpa Mzee muhtasari ausaini. Aliusoma mara mbili. Akaukunja, akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Kina mama wa Ziwani wamekuja, kumi na wanne, Saumu mbele. Wamejaza benchi lao na wengine wameketi sakafuni. Wenzetu wa Mlimani wanawatazama pembeni. Pastory naye amefika, sikumtegemea. Amekaa nyuma, karibu na mlango.

Wamerudi kutoka kwenye chai. Bwana Erasto anauliza muhtasari.

Mzee amejibu kuwa Mwalimu bado anaumalizia. Amesema bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida kabisa. Bwana Erasto amenigeukia. Akauliza, "Bado, mama?"

Nimesimama. Nimesema, "Umekamilika. Mzee anao." Kisha nimemnyooshea mikono yote miwili, kama tulivyofundishwa kumwomba mkubwa kitu, nikasema naomba karatasi, Mzee, niwasomee wanachama.

Ameingiza mkono kwenye koti. Hajautoa.

Nimekaa tena. Bwana Erasto ameshika penseli yake, nasi sote tunatazama lile koti.