Kichaka cha Juu ya Kijito

Nairobi, 9 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa. Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kusomesha. Muhula huu nafundisha vijana kusoma ardhi kwa picha za setilaiti: wapi machimbo yamepanuka, wapi miti imerudi. Nimewapa picha ya kijiji chetu cha Majoreni wajipime nayo. Utacheka: Japheth, mwanafunzi wangu hodari, makaburi yetu ya juu ya kijito ameyaandika "kichaka kisichotumika". Kwa juu ni kichaka kweli, nikampa alama zote. Kampuni ya kuchimba mchanga iliyotupatia kompyuta imeomba ramani za darasa, na ya Japheth itatangulia.

Mwanao, Hanifa

Majoreni, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linakwenda na kurudi, alhamdulillahi. Wifi yako Mwanarusi amenisomea barua yako, tena mara mbili. Sikucheka. Unajua pale hatufyeki, tunawaachia waliolala kivuli chao. Babako yumo. Mrekebishe huyo kijana kabla ramani haijafika mbali.

Mamako

Majoreni, 2 Juni

Hanifa,

Hujambo? Sijapata jibu, nadhani kazi ni nyingi. Watu wa kampuni wamekuja wakapiga vigingi juu ya kijito. Japheth wako alikuwa nao, wamemwajiri. Ana adabu, alinipa mkono kwa mikono miwili. Nilipomwambia ni makaburi alibabaika, akasema, "Lakini mama, mwalimu wangu aliipasisha ramani." Niliona haya kumwambia kwamba mwalimu huyo ni mwanangu.

Mamako

Nairobi, 5 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa uso gani. Nilikusudia kurekebisha, nikaogopa kuwaudhi waliotupatia kompyuta, nikanyamaza. Kosa ni langu, si la Japheth. Sasa nimewaandikia watu wa kampuni. Wanasema kwenye picha hawaoni kaburi hata moja.

Mwanao, Hanifa

Majoreni, 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kama ni kuonekana, wataona. Tumefyeka, wanawake wa mtaa mzima, kwa mapanga na majembe, kisha tukamwaga chokaa juu ya kila kaburi. Nililia nikifyeka. Babako sasa yuko juani. Setilaiti yako ikipita, tazama.

Mamako

Nairobi, 1 Julai

Mama,

Shikamoo, na pole kwa mikono. Setilaiti imepita. Niliifungua picha mbele ya darasa, na weupe wenu unaonekana wazi. Kompyuta imeusoma "ardhi tupu".

Nilifuta hapo hapo, nikaandika "makaburi", nikawaambia vijana kwamba babangu yumo na mimi ndiye niliyepasisha ramani ya kwanza. Ramani hii mpya nimeipeleka kwa kampuni kwa jina langu, hawajajibu. Kesho ninakuja, nitakaa penye vigingi mpaka waje waone kwa macho yao.

Ukienda kumsomea baba sura ya Yasini, usimtajie jina langu. Nitamwambia mwenyewe nililofanya.

Mwanao, Hanifa