Dakika 1,020 za Bi Ute

Jumatatu, 6 Oktoba

Nilimpoteza Bi Ute Alhamisi, tarehe mbili, saa kumi na moja jioni. Nilimpigia mara nne. Hakushika. Leo yuko hewani, alama yake ya kijani naiona, ujumbe wangu ameusoma. Kimya.

Mtu wa miaka sitini na tisa, karani mstaafu wa posta huko Ujerumani, ananichunia kama msichana wa shule.

Hesabu iko wazi. Tangu Juni, kila Jumanne na Alhamisi, tunaonana kwenye simu: nusu saa Kijerumani changu, nusu saa Kiswahili chake. Mara 34. Tuliruka moja tu, umeme ulipopotea Likoni nzima. Dakika 1,020 zangu, 1,020 zake. Nani kamdhulumu nani? Sioni.

Mtihani wa mdomo wa Kijerumani ni tarehe tatu Novemba. Nikifaulu, kampuni ya mitambo ya baridi kule inanipokea mafunzoni. Nikianguka, barua yao ya kunikubali imekufa, na mwakani nimepita umri wanaoutaka. Zimebaki simu nane.

Jumanne, 7 Oktoba

Saa kumi na moja. Shati safi, simu nimeiegemeza kwenye mtungi wa gesi. Hakuna mtu.

Nimeongea Kijerumani na friji. Wallahi. Nimeieleza kwamba kompresa yake imekufa, na kwa nini. Haikunikosoa. Bi Ute angenikosoa, yule hakuachi umalize sentensi. Mwezi jana nilihesabu: mara 41 ndani ya nusu saa, tena mbele ya wateja. Mama Zuhura alikuja kuchukua feni yake akaniuliza, "Fundi, huyo bibi wa kizungu akugombezea nini? Umemvunjia friji?"

Mimi nimemkosoa mara ngapi? Sifuri. Mtu mzima, makamo ya mamangu! Kila simu nilimwamkia, akaniitikia vizuri kabisa, kisha akiongea namwambia vizuri sana, endelea. Friji nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua mbovu za watu zilizotupwa. Adabu nilifunzwa kwetu Mtongwe.

Zimebaki saba.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejikata kidole kwa bati. Kichwa hakipo kazini. Dadangu Mwanasha kaleta chai, kaniangalia. "Kaka, kama ni posa umekataliwa, sema tukutafutie kwengine."

Sikucheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sita.

Kesho naenda Kiembeni kwa Rehema. Yeye ndiye aliyetukutanisha. Nilikuwa natengeneza friji ya mamake, akanisikia narudia Kijerumani peke yangu, akasema mumewe ni Mjerumani na mama mkwe wake, ndiye Bi Ute, anataka mtu wa kumfunza Kiswahili. Disemba anakuja, aongee na ukoo wa Rehema bila mkalimani. Basi, Rehema atanijibu yeye.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilivuka kwa feri baada ya swala. Naandika nilivyoambiwa na Rehema, bila kujitetea.

Jumatano ya wiki jana, siku moja kabla hajapotea, Bi Ute aliongea na ukoo wote kwa mara ya kwanza. Walimkalisha Bibi mbele ya simu, nyanyake Rehema, miaka themanini na minane. Bibi akangoja aamkiwe. Bi Ute akatabasamu, akasema kwa sauti kubwa, "Marahaba, mwanangu!"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Bibi peke yake hakucheka.

Bi Ute akauliza wanacheka nini. Mwanawe, mume wa Rehema, akamwambia, na alipoanza hakuishia hapo. Akamwambia Kiswahili chake chote kimeenda upande. Bi Ute akasema mwalimu wake humwambia vizuri sana. Wakacheka tena. Akakata simu.

Leo nilipomwamkia Bibi alinitazama sana. "Ndiye huyu mwalimu?"

"Naam, Bibi."

"Marahaba. Kumbe shikamoo waijua! Mbona mwanafunzi wako hukumpa?"

Kwangu mimi Bi Ute ni mkubwa siku zote. Shikamoo ilikuwa yangu, marahaba yake. Miezi minne namfunza upande mmoja wa mlango.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nina hasira. Kwanza na mwanawe. Yeye yuko hapa Mombasa, ameoa hapa, mbona hakumfunza mamake?

Pili na Bi Ute. Angeniuliza kwanza.

Tatu inakuja tu, nikitaka nisitake. Kwenye nusu zake nilikuwa nafanya kazi. Ndiyo hiyo. Kijerumani kikiisha, nageuza simu ielekee ukutani kidogo, nachukua moto wa kuchomelea, naunga mabomba. Yeye anaongea, mimi vizuri sana, endelea. Heshima ilikuwepo. Na uvivu ulikuwa umekaa nyuma yake.

Alininyoosha mara 41 kwa sababu alikuwa ananisikiliza mara 41.

Jumapili, 12 Oktoba

Duka sikufungua.

Kila Jumamosi alikuwa akinitumia sauti, zoezi la wiki. Ziko 17. Nilikuwa nimesikiliza nne. Leo nimezikalia zote, na kalamu, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Makosa 143. Mengi ni yaleyale saba yanayorudi. Hayo saba angeyaacha Juni kama kungekuwa na mtu upande wa pili.

Ya tisa ilinisimamisha. Alikuwa akijipima maneno ya kumwambia Bibi. "Bwana yangu alikufa. Mimi ilikuwa peke yake. Sasa mimi anapata watu ingine." Halafu, polepole: "Ni sahihi?"

Nimetazama nilimjibu nini siku ile. Alama ya kidole gumba. Sauti yenyewe sikuifungua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimejaribu kurekodi masahihisho. Kumwambia mama mtu mzima "hapana, umekosea" ulimi unagoma. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaomba radhi hata kabla ya kosa. Nikaanza upya. Kufikia la thelathini ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Yote 143 yamekwisha. Sauti imenikauka.

Jumanne, 14 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Mvua imepita, njia imetulia. Nimeshatuma sauti na ujumbe. Ujumbe nimeuandika kwa Kiswahili, sentensi fupi, asome mwenyewe. Naunakili hapa nisije nikajidanganya baadaye nilisema nini.

"Shikamoo Bi Ute. Kwangu wewe unaitikia. Kwa Bibi wa Kiembeni wewe ndiye unayeanza. Nilitakiwa kukwambia Juni, sikukwambia. Wewe ulinisikiliza. Mimi nilikuwa nachomelea mabomba. Makosa yako ni 143, yako kwenye sauti hizi, yote. Sahihisho la zoezi la tisa sikiliza kwanza, maneno yako ya Bibi. Yanasemwa hivi: Mume wangu alifariki. Nilikuwa peke yangu. Sasa nimepata watu wengine. Leo saa kumi na moja nataka kufunga duka, tuanze na nusu yako. Saa hiyo ndiyo wateja huja, kwa hiyo lazima niwaambie mapema. Nijibu kabla ya saa sita mchana, saa za Likoni, neno moja tu. Tunaendelea, au hatuendelei?"