Maunti, Siyo Mauti

Nzuguni, Dodoma
Jumatano, 5 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta barazani ukiwa mzima, kifua kimetulia, na Mama amemaliza kuanika uwele bila kugombana na kuku wa jirani. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu, ingawa upepo wa msimu huu unatuletea vumbi mpaka ndani ya chai. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu nitaieleza, ila nivumilie, maana ni nzito na nataka niifikie polepole.

Gereji inaendelea. Wateja wako bado wanakuulizia, na najua wengine wanakupigia huko huko Kolo ulikohamia, wanasogeza simu karibu na gurudumu ili usikilize mlio. Wiki iliyopita mwalimu Ernest alifanya hivyo, ukamwambia ni maunti, ile raba ya injini. Aliyemtangulia naye ulimwambia ni maunti.

Fundi wetu Matonya bado yuko mahabusu. Jumapili nilimpelekea sabuni na kandambili. Amekonda, Baba, shati linamning'inia. Aliniuliza kama mwanawe ameshaanza kutembea, nikamwambia anatembea, kumbe sijui, sijapata ujasiri wa kwenda kwa mkewe. Kesi yake inasikilizwa Jumatatu ijayo. Kosa lake ni lile lile, kwamba alipokuwa anafunga maunti alilegeza kiungo cha gurudumu la mbele akasahau kukikaza, na kwa uzembe huo Bi Vasanti akafa. Maelezo yanayomkandamiza zaidi ni yako. Ulisema uliliendesha gari mwenyewe, ukalisikiliza, lilikuwa zima, kwa hiyo fundi wako ndiye aliyekosea.

Naomba turudi kwenye siku ile ya Februari. Bi Vasanti alikuja na lile gari lao jeupe, kuukuu, ambalo mumewe Mzee Jiten alikuwa kila mwaka anasema ataliuza. Alileta malalamiko mawili. Akiweka gia gari linashtuka na kugonga, na akikata kona kuna kitu kinalia mbele. Wewe ulilishika lile la kwanza tu. Uliweka kiganja juu ya boneti, ukaniambia nikanyage breki nibadilishe gia, mbele na nyuma, na kila nilipobadilisha injini iliruka. Bi Vasanti akaingiwa na wasiwasi, ndipo ukamwambia ule usemi wako, asiogope, ni maunti tu, siyo mauti. Benchi zima lilicheka. Naye alicheka, huku akijifunika mdomo kwa ncha ya sari.

Na maunti kweli ilikuwa imekwisha. Raba inayoishikilia injini ilikuwa imepasuka katikati, Matonya akafunga mpya, akaifunga vizuri. Ukaliendesha gari kuzunguka uwanja, ukarudi umetoa kiwiko dirishani, ukatangaza kwamba sasa limenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu.

Baba, halikuwa limenyamaza.

Kila ulipokata usukani, gurudumu la kulia lilikuwa linalia ka, ka, ka, mlio mkavu kama wa mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha mlio huo nikiwa darasa la sita. Maunti hugonga mara moja unapoweka gia, boljointi, kile kiungo cha gurudumu, hulia unapokata kona, na boljointi ikichomoka gurudumu hulala na dereva hana la kufanya. Niliusikia. Matonya naye aliusikia. Alinifuata kwenye pipa la maji akaniambia, Dada, boljointi ya kulia imekufa, mwambie Mzee. Nilimjibu anyamaze, Mzee ameshasema.

Nilimnyamazisha kwa sababu wateja wanne walikuwa wamekaa pale, na mimi sikuweza kuvumilia wajue kwamba Bartolomayo, ambaye Nzuguni nzima inamwita Sikio, hakusikia. Mimi nilijua tangu Krismasi. Ulianza kugeuza shingo ili upande wa kushoto umwelekee mtu, ukawa unacheka baada ya wenzako kucheka. Sikusema, nikawa nakufichia. Ulichokosea mchana nilikirekebisha jioni baada ya wewe kwenda nyumbani, au nilimwita mteja kesho yake nikamdanganya kuna nati nataka kuiangalia. Bi Vasanti naye nilipanga kumwita kesho yake. Sikujua kwamba alasiri ile ile angeshika njia kupeleka nguo za harusi Chemba. Alipopita Msalato kidogo gurudumu likalala.

Nilidhani nakutunzia heshima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii aliyekufa siye aliyeficha, na aliyefungwa siye pia. Hilo linaniuma kuliko nitakavyoweza kuandika.

Wewe hukuwadanganya polisi. Ulisema ulichosikia, na kwako gari lilikuwa kimya. Mwenye kosa ni mimi niliyesikia. Jumatatu nitasimama mbele ya hakimu niseme kwamba Matonya aliniambia nami nikamfunga mdomo. Wakimwachia yeye wakanishika mimi, nitakuwa nimestahili.

Gari la mwalimu Ernest nimelifungua. Haikuwa maunti. Nakuomba, nakupigia magoti, usipokee tena simu za watu wenye magari.

Nilikupigia mara tatu nikueleze haya kwa mdomo. Mara ya kwanza nilikwambia Matonya hana kosa, ukanijibu mvua huko ilikatika mapema. Mara ya pili nikapaza sauti, ukasema nisijali, hela ya mbolea mnayo. Mara ya tatu nililia, Baba, nililia sana, nawe ukacheka, ukasema unafurahi kunisikia nina furaha. Ndipo nikanunua karatasi.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Babati, ameahidi kuikabidhi mkononi mwako. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie wewe mwenyewe yaliyomo, asiyasikie kwa majirani. Basi la kuja huku linapita hapo Kolo Jumapili asubuhi. Mahakamani nitakaa upande wako wa kushoto, nikurudie kila neno atakalosema hakimu, hata kama watu watatutazama.

Ukimaliza kusoma usinipigie. Njoo.

Mwanao akupendaye,
Erica