Sarafu Iliyonasa kwenye Sumaku

Muhsina, mdogo wangu kibogoyo,

Kaka'ko keshakuwa tajiri! Ile sarafu ya marehemu baba ni fedha tupu ya Amerika, ya zama za Mngereza huko kwetu.

Haya, uongo. Yaqdhan, mjuzi wa sarafu hapa mtaani Ghubra, kaisogezea sumaku, ikanasa kama kupe.

"Ami, fedha hainasi. Hichi chuma."

Nikamwambia sumaku yake mbovu, apime tena kesho. Nimerudi kwake siku tisa. Ana kahawa, na Kiswahili chake cha kwetu. Nyumbani wajukuu wananijibu Kiarabu huku wakitazama simu zao. Jana Yaqdhan kanambia, "Ami, usiilete tena."

Utotoni, chuoni tukisoma Kurani, uliiba halua ya mwalimu, bakora nikala mie. Basi nilipe: nipigie Ijumaa, tena usiwe na haraka ya kukata.

Kaka'ko,
Sleyum